Sahani ya meli ya moshi, igeuze kwanza

Sisi wa makumbusho watu wanatuletea sana sahani za bibi zao zenye picha ya meli ya moshi na swali huwa moja tu, hii inauzwa shilingi ngapi. Mimi kabla sijajibu naigeuza, maana kwenye kile kitako mara nyingi unakuta matundu mawili yametobolewa ya kupitishia uzi, nikiyaona nishajua hii haikupakuliwa wali, ilitundikwa ukutani.

Nyumba za mawe za Lamu chumba cha ndani kilikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vimejaa ukuta mzima, na humo zilikaa sahani na mabakuli ya China, halafu karne ya 19 zikaingia za viwanda vya Ulaya kama Maastricht kule Uholanzi. Haikuwa urembo tu jamani. Wazee waliamini chombo kile kinapokea kijicho kabla hakijamfikia mwenye nyumba, na ukienda Kunduchi, Dar es Salaam, utaona hata makaburi yalipachikwa mabakuli.

Sasa hiyo meli ya kwenye picha. Mfereji wa Suez umefunguliwa 1869, mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza safari za kuja Zanzibar, na neno lenyewe "meli" tumelitoa kwenye neno la Waingereza la barua, kabla ya hapo watu walisema marikebu. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, naye akawa na zake, mojawapo ile Glasgow ambayo manowari za Waingereza zilikuja kuizamisha palepale bandarini tarehe 27 Agosti 1896. Kwa hiyo dohani inayofuka moshi watu waliijua, ndo iliyoleta barua na bidhaa na ndo iliyopeleka mahujaji, na mimi naona aliyeitundika sahani yenye picha hiyo alikuwa anamwambia mgeni bila kufungua mdomo kwamba nyumba hii ina watu ng'ambo.

Itazame kwa karibu, picha zile nyingi zilichapwa kwa karatasi yenye wino, wakati mwingine unaona kabisa pale karatasi ilipoungana ua la pembeni limekatika katikati.

Kwa hiyo ukiwa nayo tafadhali usiisugue kwa steelwaya, rangi iliyopakwa juu inabanduka na hairudi. Uzi wa zamani ukiwa bado upo usiukate. Na muulize mkubwa wa nyumba nani aliitundika na ukuta gani, uandike leo, sisi huo ukuta hatuwezi kuusoma kwenye sahani.