Usikate Lebo ya Tedi Kabla Hujaisoma

Tedi nyingi zinazofika Nairobi kwa mtumba huja bila lebo ya karatasi. Ile kadi iliyoning'inia sikioni zikiwa dukani Uingereza au Marekani ilikatwa siku mtoto alipopewa zawadi yake, na iliyosalimika imechanika kwa kubanwa ndani ya bale. Kinachobaki ni kitambaa chembamba kilichoshonewa ubavuni au karibu na mkia. Hicho ndicho ninachosoma kwanza, kabla sijatazama uso wala kupapasa manyoya. Kazi yangu ni kutambua midoli ya manyoya na kuwauzia wakusanyaji, na mara kwa mara naletewa tedi nzuri ambayo mwenyewe ameshaipitisha makasi ili "ipendeze". Huniuma sana. Bila lebo ile, kumjua aliyeitengeneza na lini aliitengeneza ni kubahatisha tu.

Ili uisome vizuri, jiulize kila mstari umeandikwa kwa amri ya nani. Kampuni ingependa kuweka jina lake na kuishia hapo. Mengine karibu yote yapo kwa sababu sheria ya mahali fulani iliyadai, na sheria huwa na tarehe. Ukizijua tarehe hizo, unaanza kuujua umri wa tedi.

Tuchukue Beanie Babies za kampuni ya Ty ya Marekani, zilizoanza kutoka 1993. Hizi ndizo ninazozikuta sana kwenye masoko ya mtumba ya Toi na Gikomba. Upande mmoja wa lebo ya miaka ile una moyo mwekundu wenye herufi ty. Upande wa pili una maandishi madogo mno: alama ya © na mwaka, Ty Inc., Oakbrook, kwamba imetengenezwa China kwa mkono, ioshwe juu juu tu, vilivyotumika vyote ni vipya, ndani mna nyuzi za poliesta na punje za plastiki, kisha PA. REG na namba, na herufi CE.

Mwaka ulio kando ya © ndio unaowapoteza wengi. Ni mwaka wa hakimiliki ya umbo. Umbo likipendwa, kampuni huendelea kulishona miaka na miaka bila kuubadilisha mwaka huo, hivyo tedi iliyoandikwa 1993 inaweza kuwa imetoka kiwandani 1997. Mwaka huo unathibitisha jambo moja pekee, kwamba tedi haikutengenezwa kabla yake. Anayekuuzia kwa kusema "ona, ni ya '93" huenda anaamini anachosema, lakini hajakuonyesha ushahidi.

PA ni Pennsylvania. Jimbo hilo, pamoja na Ohio na Massachusetts, limekuwa likimtaka mtengenezaji wa midoli iliyojazwa ajisajili na kueleza kwenye lebo kilichomo ndani. Hofu ilikuwa ujazo mchafu, matambara na nyuzi zilizokwisha kutumika. Ndiyo sababu kuna ile kauli ya ALL NEW MATERIALS, yaani vilivyotumika vyote ni vipya. Kwa kuwa kiwanda hakijui mzigo utauzwa jimbo gani, namba ya Pennsylvania huwekwa hata kwenye tedi ambayo haitafika huko maisha yake yote. Mimi naipenda namba hii kuliko mstari mwingine wowote, kwa sababu ni ya aliyejisajili. Jina la kampuni likifutika na namba ikabaki, bado una pa kuanzia. Ukikuta tedi mbili zenye majina tofauti lakini namba moja, una sababu nzuri ya kuamini zina asili moja.

CE ni ya Ulaya. Sheria ya usalama wa midoli ya Jumuiya ya Ulaya, kama ilivyoitwa wakati huo, ilianza kutumika 1990, kwa hiyo lebo yenye herufi hizo haiwezi kuwa ya miaka ya sabini, hata mzee wa nyumba akiapa kwamba ni ya ujana wake. UKCA ni alama ya Uingereza baada ya kutoka kwenye Umoja wa Ulaya, na imeanza 2021. Ukiona mstari wa namba za kundi la uzalishaji pamoja na tarehe, kumbuka kwamba Marekani ilianza kulazimisha habari hizo kwenye bidhaa za watoto Agosti 2009. Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye mdoli mpya ni habari ya kuingizwa kwake Kenya, haihusu umri wake.

Majina ya nchi nayo yana tarehe zake. "West Germany" inakupeleka kabla ya Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Ukibahatika kuona "US Zone Germany", hiyo ni ya miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Iweke kando, usiioshe.

Turudi kwa Ty, maana hapo ndipo maneno mengi ya uongo yalipo. Lebo zao za kushonwa zilibadilika kwa awamu: za kwanza nyeusi kwa nyeupe, halafu nyekundu zenye moyo, halafu jina la mnyama likaongezwa, kisha nyota ndogo nyekundu. Karibu 1999 walileta lebo yenye picha inayometameta na wino mwekundu unaofifia ukipashwa joto, ili kuwakomesha waigaji. Kadi ya karatasi nayo ilianza kama jani moja lisilofunguka, ikawa ya kufunguka kama kitabu, na 1996 ikapata nyota ya manjano pamoja na shairi na siku ya kuzaliwa. Mkusanyaji hutazama kama kadi na lebo ya kushonwa ni za wakati mmoja. Kadi ya awamu ya kwanza kwenye mnyama mwenye lebo ya 1998 imetolewa kwingine.

Kuhusu bei, nasema wazi kwa sababu naona watu wakiumia. Makosa ya herufi kama "Suface" badala ya Surface na "Gasport" badala ya Gosport yamo kwenye lebo nyingi mno, hayaipi tedi thamani yoyote. Punje za plastiki aina ya PVC zilitangulia zile za aina ya PE, lakini za PVC nazo zilitengenezwa kwa wingi mkubwa. Dubu wa zambarau aitwaye Princess, aliyetangazwa 1997 kwa ajili ya mfuko wa kumbukumbu ya Diana, amewafanya watu wengi waote utajiri kwa kuona bei mtandaoni. Zile ni bei wanazoomba wauzaji. Tafuta bei zilizolipwa kweli, utakuta nyingi ni ndogo.

Steiff ya Ujerumani ni habari nyingine kabisa. Margarete Steiff alianzia Giengen, na 1904 Franz, mpwa wake, akabuni kifungo cha chuma cha kubanwa sikioni ili tedi zao zitofautishwe na za kuiga. Vifungo vya mwanzo vilikuwa na tembo, vikafuatwa na vyenye jina Steiff, mkia wa F ya mwisho ukirudi chini ya jina. Siku hizi lebo ya manjano yenye maandishi mekundu ni ya tedi za kawaida, nyeupe yenye maandishi mekundu ni ya toleo la idadi maalum, na nyeupe yenye maandishi meusi ni ya nakala za tedi za zamani. Wazazi wengi waling'oa vifungo wakihofia mtoto atameza. Kwa hiyo ukipata dubu mkongwe wa manyoya ya moheya (sufu ya mbuzi), mwenye viungo vinavyozunguka, chunguza sikio la kushoto kwa vidole. Tundu dogo lenye ukingo uliokakamaa ni dalili ya kutosha kumpeleka kwa mjuzi kabla ya kumuuza kwa bei ya fagia.

Lebo iliyofifia haijafa. Weka tochi ya simu nyuma yake, kisha uimulike kutoka ubavuni. Maandishi ambayo jicho halikuyaona mara nyingi hujitokeza kwa mojawapo ya njia hizo mbili. Piga picha kabla ya kufua, kwa sababu sabuni na jua humaliza wino. Usipige pasi. Halafu tazama mshono wenyewe: lebo halali kwa kawaida imeingia ndani ya mshono wa mwili na kushonwa kwa uzi ule ule. Ikiwa imekaa juu ya kitambaa kwa uzi wa rangi nyingine, huenda imehamishwa kutoka kwa tedi nyingine.

Hili la mshono linafaa pia kwa Labubu, midoli ya manyoya ya kampuni ya Pop Mart ya China, ambao bandia zao zimejaa madukani katikati ya jiji. Hesabu meno, halisi ana tisa. Soma lebo na uangalie kama herufi zimekatika kingo vizuri au zimevuja wino, na kama msimbo wa kuskani unakupeleka kwa kampuni yenyewe au kwenye ukurasa unaofanana nao tu.

Mama mmoja ninayemnunulia Gikomba, ambaye huniwekea kamera, yaani mali bora ya kuchaguliwa kwanza, bale likifunguliwa, alikuwa akikata lebo zote.

"Mama, naomba hizo usikate."

"Mwanangu, wateja wanasema zinamwasha mtoto."

Ana haki, na mtoto ni muhimu kuliko mkusanyaji. Tukakubaliana kwamba ya kuchezewa na mtoto ikunjwe na kutiwa mishono miwili ya mkono ilale kwenye mwili. Mishono hiyo hufumuliwa bila kuacha alama, na lebo inabaki nzima ikiwa na namba zake zote.