Je, wajua kwa nini nyumba za esteti hufanana, na jinsi ya kuzitofautisha?

Ukipita Kiamunyi au Lanet, pale Nakuru, utakutana na esteti ambazo nyumba zake zimepangwa kama mandazi kwenye sinia: paa lile lile, geti lile lile. Mgeni akifika usiku lazima apige simu kuuliza, "Yako ni ya ngapi kutoka kona?"

Chanzo ni pesa. Ramani huchorwa mara moja, madirisha huagizwa saizi moja, na fundi akifika nyumba ya kumi hana haja ya kuangalia karatasi. Marekani walilifanya jambo hili kwa kasi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Levittown, karibu na jiji la New York, ilianza kujengwa mwaka 1947, na kufikia 1951 ilikuwa na nyumba zaidi ya 17,000 za mitindo michache tu. Baadaye wenyeji waliongeza vyumba na kuinua mapaa, hata leo ni kazi kuipata iliyobaki ilivyokuwa.

Wengi wakitaka kuondoa mfanano hukimbilia rangi, nayo ndiyo dawa hafifu kuliko zote. Jicho huona kwanza umbo la paa na vivuli ukutani. Nyumba moja ikirudishwa nyuma mita mbili na jirani yake ikatokeza mbele, mstari umevunjika tayari. Paa la miteremko miwili likifuatwa na la miteremko minne, umevunjika tena. Barabara ikipinda, huoni foleni yote kwa mpigo. Na ardhi ya mteremko, kama ya mtaa wa Milimani, Nakuru, chini ya volkeno ya Menengai, ingefanya nusu ya kazi bure, ila wajenzi wengi huleta kwanza tingatinga la kuisawazisha!

Mbinu rahisi zaidi ni kugeuza ramani, kushoto kuwe kulia. Nyumba mbili zikiungana, jiko hupakana na jiko na mabomba hupungua. Tatizo ni jua. Huku karibu na ikweta kuta za magharibi hupigwa alasiri nzima, na ramani ikigeuzwa, chumba cha kulala cha mashariki chaweza kuhamia huko. Nakuru, kwenye mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai itakufanya ulishukuru joto hilo la alasiri. Kisumu utalala madirisha wazi, ukipigana na mbu.