Kiungo Kimefungwa, Leseni Bado Ni Yako

Juzi tena. Mwenye studio ya picha hapa Ngamiani kaniletea laptopu mpya: "Fundi, ile programu yangu iliisha muda, imebidi ninunue nyingine." Nikamuuliza nani kamwambia imeisha. Akanionesha barua pepe ya zamani: kiungo cha kupakua hakifunguki. Kalipa upya, bei kamili, kwa kitu ambacho bado ni chake. Huyu ni wa tatu tangu Ramadhani, na inaniuma.

Kiungo cha kupakua si leseni! Leseni ni ruhusa ya kutumia, nayo imefungwa kwenye ile namba ndefu unayopewa ukinunua, au kwenye akaunti uliyonunulia. Faili ni mzigo tu. Baadhi ya maduka ya mtandaoni hufunga kiungo baada ya muda, na unapolipa hukuwekea kisanduku cha ulinzi wa kupakua, pengine kimeshatiwa tiki. Unachonunua pale ni nafasi ya kulipakua faili lilelile tena, tuseme kwa mwaka mmoja au miwili. Leseni haiongezeki hata siku moja. Toleo jipya hupati. Virusi havizuiwi, ingawa neno "ulinzi" limewapoteza wengi. Nakili faili kwenye flashi mbili, namba iandike kwenye daftari la risiti, na kisanduku kile kiondolee tiki. Tena kwa programu nyingi faili la majaribio na la kulipia ni hilohilo moja. Namba ndiyo inayofungua.

Matoleo nayapitia haraka. Kutoka 5.1 kwenda 5.2 kwa kawaida ni bure. Kutoka 5 kwenda 6 mara nyingi unalipa, na bei ya punguzo hudai namba ya zamani, kwa hiyo usiitupe.

Neno ninalolitamka kwa wasiwasi ni "leseni ya kudumu". Programu ikiwa lazima iulize seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni, kabla ya kufunguka, kudumu kwake kunategemea seva hiyo. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, walipozima seva ya CS2, mkusanyo wao wa programu wa mwaka 2005, mwanzoni mwa 2013 waliweka faili na namba zisizouliza seva. Watu wakashangilia kwamba imegawiwa bure. Adobe wakasema ni ya wenye leseni tu. Angalau wale waliachiwa mlango. Kampuni ikifa kimya, mteja anabaki na haki yake mkononi na programu isiyofunguka, na mimi sina la kumfanyia. Vitabu vya chuoni havikunifundisha kumwambia mtu hivyo.

Kwa mwenye studio tulibahatika. Namba ilikuwa kwenye barua pepe ileile, mistari miwili chini ya kiungo. Faili tukalipata kwenye tovuti ya watengenezaji, laptopu ya zamani tukaitoa kwenye leseni, mpya ikakubali. Leo jioni tunaandika barua ya kuomba arudishiwe zile fedha za pili.