Mfuko umeandikwa "unaoza", mbona ukiufukia hauozi?

Malalamiko haya yamekuwa mengi sana siku hizi. Mtu amefukia bustanini mfuko wa PLA (plastiki inayotengenezwa kutokana na mimea), baada ya miezi 8 anafukua anaukuta vilevile, basi anaandika kwamba sisi tunaopima mifuko hii na kuipa cheti tunapitisha plastiki feki. Hasira yake naielewa, lakini jamani, kutoka kwenye mmea na kuoza ni vitu viwili tofauti, na hili tumeshalirudia mno. PLA inatokana na kemikali iitwayo laktaidi, na laktaidi inatokana na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa, hapo tumeeleza asili yake tu.

Iko hivi: bakteria hawawezi kula mnyororo mrefu wa PLA, mpaka kwanza maji yaukatekate uwe vipande vifupi, na maji yanafanya kazi hiyo kwa kasi pale joto linapokaribia nyuzi 60, maana hapo ndo plastiki hiyo inalegea na maji yanapenya. Mboji ya kiwandani inafika huko, udongo wa bustani uko 20 au 30, kwa hiyo itakaa miaka. Baharini ndo usiseme. Na wale mnaolalamika kwamba glasi ya PLA imepinda baada ya kutiwa chai, sababu ni hiyohiyo, glasi sio mbovu.

Sasa PLA peke yake ni ngumu ila inakatika ovyo, ukiivuta inarefuka asilimia chache tu halafu imekwisha, huwezi kupata mfuko hapo. Ndo maana inachanganywa na PBAT, plastiki nyingine laini, ambayo kwa kawaida inatoka kwenye petroli lakini inaoza (naam, petroli, na inaoza) na inavutika zaidi ya mara 5 ya urefu wake. Shida ni kwamba hizi mbili hazipatani vizuri, ukiangalia kwa hadubini unaona matone ya moja ndani ya nyingine, na kama hakuna kiungo cha kuzishikanisha mfuko unachanikia palepale zinapokutana. Wengine wanaongeza wanga, unavuta maji na kuharakisha kuoza, ila nguvu inapungua. Ila ukichanganya na polietilini, ile plastiki ya mifuko ya kawaida isiyooza, PLA itaoza na polietilini itabaki vipandevipande, hiyo haipiti hata uje na barua ya nani.

Kupima kwenyewe, kwa mfano kwa EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza kwenye mboji, sampuli inawekwa kwenye mboji iliyokomaa kwa nyuzi 58, tunapima kaboni dayoksaidi inayotoka, lazima kuoza kufike asilimia 90 ndani ya miezi 6. Halafu kuna kusambaratika: baada ya wiki 12 tunachekecha kwa chekeche la milimita 2, kisibaki zaidi ya asilimia 10. Halafu tunapima metali nzito. Halafu tunaotesha mimea kwenye mboji hiyo tuone haidhuriki. Ukifeli kimoja hupati cheti. Na cheti ni cha mchanganyiko ule na unene ule tuliopima, mtengenezaji akinenepesha mfuko au akibadili rangi kimyakimya cheti kinasitishwa, lebo inatoka, anaanza upya.

Kwa hiyo usiufukie, na wala usiutupe pamoja na chupa za PET, yaani chupa za plastiki za maji na soda zinazorejelezwa. PET inayeyushwa kwenye nyuzi zaidi ya 250 na PLA haihimili joto hilo, inaharibika humohumo na kuchafua plastiki nzima. Peleka kwenye pipa la mboji ya kiwandani, na kama hulipati ulipo, mfuko huo uhesabu ni taka ya kawaida na utupwe hivyo.