Jicho vivu la mtoto: miwani, plasta, matone au upasuaji?

"Akikua litapona lenyewe." Haliponi. Jicho vivu hutokea pale ubongo wa mtoto unapopata picha safi kutoka jicho moja na picha hafifu kutoka la pili, ukazoea kulipuuza lile hafifu. Chanzo mara nyingi ni makengeza, au macho mawili kuhitaji lenzi zenye nguvu tofauti sana. Mtoto mwenye chanzo hiki cha pili ndiye anayetupita wengi. Macho yake yamenyooka, anasoma, anacheza, wala halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona vinginevyo. Hujulikana tu anapopimwa jicho mojamoja.

"Miwani itamharibu macho." Miwani ndiyo tiba ya kwanza, na wapo watoto wanaopona kwa miwani peke yake. Ndiyo maana daktari huweza kusubiri wiki kadhaa kabla ya kuongeza tiba nyingine.

"Plasta hubandikwa jicho bovu, tena kutwa." Sivyo. Huzibwa jicho lenye nguvu ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kuhusu saa, kundi la watafiti wa macho ya watoto la Marekani, PEDIG, lilionyesha mwaka 2003 kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye tatizo la wastani, saa 2 kwa siku zilileta nafuu sawa na saa 6 baada ya miezi 4. Kwa wenye tatizo kubwa, saa 6 zililingana na kutwa nzima. Plasta ikae kwenye ngozi. Ukifunika kioo cha miwani kwa kitambaa, mtoto atainamisha kichwa achungulie kwa juu, na jicho vivu litabaki limepumzika.

"Matone hayafui dafu mbele ya plasta." PEDIG walilinganisha pia hayo, mwaka 2002, kwa watoto 419. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa yameongeza takriban mistari 3 kwenye chati ya kupimia macho. Matone hayo, yaani dawa iitwayo atropini, hutiwa kwenye jicho lenye nguvu ili lisione vizuri vitu vya karibu. Mboni hupanuka na jua humuumiza, kwa hiyo avae kofia. Dawa hii ni sumu ikinywewa: itumike kwa maelekezo ya daktari tu, na chupa ifungiwe mbali. Kwa mtoto anayebandua plasta kila ukigeuka, mimi ningemuuliza daktari habari ya matone mapema.

Upasuaji wa makengeza hunyoosha jicho, lakini hauliamshi; miwani na plasta bado vitahitajika.

Na "ameshapita miaka 7, basi tena"? Tiba huwahiwa, lakini katika utafiti wa mwaka 2005, asilimia 53 ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliopewa miwani, plasta na matone walipata nafuu, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa miwani tu.

Takriban mtoto 1 kati ya 4 hurudi nyuma ndani ya mwaka baada ya kuacha tiba, kwa hiyo kliniki iendelee hata akishaona vizuri.