Deksa haijengi misuli: majibu kwa wanaotaka kujaza mwili

Mimi ni tabibu katika zahanati ya mjini. Vijana wembamba huja kwangu wakitaka kujaza mwili, na kutaka huko si kosa hata kidogo. Kinachoniumiza ni kwamba wengi huja wakiwa wameshapitia duka la dawa kwanza, wakauziwa deksa kama vidonge vya kunenepesha. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Daktari, siri ya kujaza mwili ni nini?

Mambo matatu yaende pamoja: kula zaidi ya unachokitumia, kuipa misuli kazi ngumu mara mbili au tatu kwa wiki, na kulala saa 7 hadi 9. Ukila bila mazoezi, kinachoongezeka zaidi ni kitambi. Ukinyanyua vyuma na huli, unaupunguza hata ule mwili mdogo uliokuwa nao.

Kalori ni kitu gani?

Ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Anayetaka kuongezeka aongeze kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya mlo wake wa kawaida. Konzi moja ya karanga ina kama 170, glasi ya maziwa 150, nusu parachichi 160. Hapo umeshafika.

Mimi nakula ugali mkubwa, mbona siongezeki?

Nikikuomba unitajie ulichokula jana tangu ulipoamka, jibu huwa lile lile: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana kazi zilibana, usiku ugali kama kichuguu. Huo ni mlo mmoja, ndugu yangu. Mwili hauwezi kushinda na njaa kutwa nzima kisha ukajengwa saa tatu usiku.

Gawanya chakula. Kula milo mitatu, katikati vitu viwili vya kutafuna. Uji wa asubuhi utie maziwa na kijiko cha siagi ya karanga. Mchicha na kisamvu viunge kwa nazi au karanga. Kijiko kikubwa cha mafuta peke yake kina kalori 120, na hakijazi tumbo. Viazi vitamu, mihogo, ndizi, vyote vinafaa. Kinachokuharibia ni ile soda unayoishusha kabla ya chakula, ukifika kwenye sahani umeshashiba gesi.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Najua unaona ni kidogo. Ndiyo kasi ya misuli, hakuna nyingine.

Nyama ya kila siku sina hela yake. Protini nitaitoa wapi?

Anayejenga misuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 95 kwa siku. Hesabu nami: mayai mawili yana 12, glasi mbili za maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi mbili za karanga 14, gramu 30 za dagaa wakavu kama 18. Hizo ni 75. Ugali na wali wenyewe vina protini pia, vitakuongezea 15 au 20. Nyama iko wapi hapo? Haipo. Dagaa mnawadharau bure.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kuonana na daktari wake.

Na ule unga wa protini wa kwenye makopo?

Ni chakula kilichokaushwa, si dawa. Hauna ulazima. Fedha yake inanunua trei kadhaa za mayai.

Nimeambiwa kuna vidonge vya kunenepesha, unakula wiki chache unanawiri. Nitumie?

Hapana.

Alikaa mbele yangu kijana fundi seremala, mashavu yamejaa, uso umekuwa mviringo, mwenyewe anajiona amependeza. Alikuja kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Nikabonyeza kidole gumba juu ya muundi wake, nikahesabu hadi kumi. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki palepale. Yalikuwa ni maji. Nikamwambia achuchumae, kisha ainuke bila kushika kitu. Alijaribu mara mbili, mara ya tatu akashika meza yangu. Mapaja aliyotaka yatune yalikuwa yameisha nguvu. Mfukoni akatoa vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina wala tarehe.

Vidonge vinavyouzwa hivyo mara nyingi ni deksamethasoni, mitaani wanaiita deksa, na pengine huchanganywa na siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Dada zetu nao huuziwa hivyo hivyo kwa jina la vidonge vya shepu. Deksamethasoni ni dawa ya kweli na ina kazi yake: mwaka 2020 utafiti uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliozidiwa hadi kuwekewa oksijeni. Lakini hutolewa kwa ugonjwa, kwa kipimo, na kwa siku zilizohesabiwa. Ukiila ili unenepe, inashika chumvi na maji, inarundika mafuta usoni na tumboni, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na inaibomoa misuli ya mapaja na mabega. Ndiyo, inaibomoa. Unalipa fedha ili upoteze kile ulichokuwa unakitafuta.

Mbona rafiki yangu ametumia na amependeza?

Hapana, amevimba. Mwambie achuchumae na kuinuka bila kushika kitu, kisha mpeleke akapimwe sukari na presha.

Hata kwa wiki mbili tu?

Hapana, hata kwa wiki mbili. Sukari inaweza kupanda ndani ya siku chache tu. Kinga ya mwili inashuka, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini kinaweza kuamka. Isitoshe, anayesema wiki mbili haachi baada ya wiki mbili. Akiacha, maji yanatoka, uso unasinyaa, watu wanamuuliza kama anaumwa, naye anarudi dukani. Na kama wewe ni dereva wa bodaboda, ile dawa ya mzio inakusinzisha ukiwa barabarani na abiria mgongoni.

Nakula vizuri lakini bado napungua. Niongeze chakula?

Njoo upimwe kwanza. Kukonda bila sababu pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu. Kukonda pamoja na kiu na kukojoa kila mara, huenda ni kisukari. Pima na VVU. Usikae miezi ukijitibu kwa parachichi, na usithubutu kufunika ugonjwa kwa vidonge vya kunenepa. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Nimeshatumia vidonge vya deksa miezi mitano. Nivitupe leo?

Usiache ghafla. Narudia kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza maisha: usiache ghafla peke yako nyumbani. Juu ya figo zako kuna tezi mbili zinazotengeneza kotisoli, homoni inayoushikilia mwili usianguke wakati wa ugonjwa na misukosuko. Ukiutia mwili deksa kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hizo hulala. Ukikata dawa siku moja, haziamki siku hiyo hiyo. Dozi lazima ishushwe kidogo kidogo, daktari akikuangalia, na kwa aliyetumia miezi mitano hilo linaweza kuchukua wiki nyingi au miezi.

Ukiwa umeshaacha na ukaona unatapika, unalegea, kizunguzungu kinakushika ukisimama au umezimia, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na mtu wa kwanza atakayekupokea aambiwe neno hili: alikuwa anatumia deksa. Usione haya, wala usiseme ulikula chakula kibaya; kwa kuficha tunahangaika na malaria wakati wewe unazidiwa.

Kama huna dalili hizo, bado njoo, kesho asubuhi usipitishe. Hakuna atakayekugombeza. Njoo na vidonge vyenyewe, hata kama kimebaki kimoja, na kile kikaratasi walichokufungia.