Si kweli kwamba muziki wote ni marufuku Iran

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp unadai kuwa tangu mapinduzi ya 1979 hakuna muziki Iran, na kwamba wasanii wote walikimbilia ng'ambo. Sehemu yake ina ukweli, ndiyo maana unaaminika upesi.

Mwaka 1979 viongozi wapya waliubana muziki redioni na kwenye televisheni. Nyota wengi wa muziki wa pop walihama, hasa kwenda Los Angeles, Marekani. Huko walirekodi kaseti zilizorudi Iran kwa siri na kunakiliwa mkono kwa mkono. Uhamisho huo ulikuwa mchungu: mwaka 1992 mwimbaji mmoja aliyekuwa pia mshairi na mtangazaji aliuawa nyumbani kwake Bonn, Ujerumani.

Lakini muziki wa jadi uliendelea, na mwishoni mwa miaka ya 1990 muziki wa pop ulianza tena kupewa vibali. Leo matamasha hufanyika Tehran kwa tiketi. Kizuizi kizito kilichobaki ni kwa wanawake: hawaruhusiwi kuimba peke yao mbele ya hadhira yenye wanaume. Hilo ni jambo zito, halihitaji kutiwa chumvi.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta matangazo ya matamasha ya Tehran, kisha uangalie tarehe na ukumbi. Ujumbe usiotaja mwaka, mji wala chanzo, tafadhali usiusambaze. Wanamuziki waliobaki Iran, wanaohangaikia vibali kila siku, unawafuta kabisa.